Mizinga ya Magogo na ya Ngozi

Katika lugha yetu neno "mzinga" lina kazi mbili. Mfuga nyuki akisema ametundika mzinga wake mtini, twajua ya kuwa amechukua gogo, amelitoboa katikati, ameziba ncha zake, na kuliacha juu ya tawi mpaka nyuki waingie. Na askari akisema mzinga umelia, twajua ya kuwa pamekuwa na moshi na mshindo, na pengine watu wamekufa. Mgeni ajifunzaye Kiswahili hustaajabu akisikia vitu hivi viwili, kimoja cha asali na kimoja cha mauti, vikiitwa kwa jina moja. Lakini akivitazama kwa umbo lake haoni ajabu: vyote viwili ni virefu, vya mviringo, na vyenye uwazi ndani.

Wale waliofika Fort Jesus huko Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, wameona mizinga ya chuma imewekwa kuielekea bahari. Ni mizito, na chuma chake ni kinene kuliko mkono wa mtu. Kwa hiyo sisi sote tumezoea kudhani ya kuwa mzinga wa vita hauna budi kuwa wa chuma au wa shaba. Leo twataka kuwaeleza ninyi msomao, na ninyi mnaosomewa, habari za mizinga iliyofanywa kwa vitu vingine: mianzi, ngozi, barafu, na zaidi sana magogo ya miti. Kuna mahali pa kucheka katika habari hizi. Lakini wako pia watu walioweka maisha yao, na maisha ya watoto wao, nyuma ya gogo la mti uzaao matunda, na hao ndio tutakaokaa nao zaidi.

Kwanza yafaa tujue mzinga hufanya kazi gani. Baruti nyeusi ya zamani ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ikiwashwa hugeuka ghafula kuwa moshi na hewa ya moto, na hewa hiyo yataka nafasi kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokuwa na baruti. Basi husukuma kila upande. Husukuma kombora mbele, husukuma kitako cha mzinga nyuma, na husukuma kuta zipasuke. Kombora twataka liondoke, lakini kuta twataka zisimame. Kwa kweli mzinga ni chombo cha kuuzuia mpasuko pande zote isipokuwa upande mmoja.

Je, chombo cha namna hiyo kikishindwa hupasuka vipi? Wengi hudhani kitakatika katikati, kama muwa uvunjwao gotini. Sivyo. Mabingwa wa hesabu wameonyesha ya kuwa ukuta wa bomba lililojaa hewa yenye nguvu huvutwa kwa mzunguko wake mara mbili kuliko uvutwavyo kwa urefu. Ndiyo sababu bomba hufanya ufa mrefu. Ninyi mliowahi kuona pingili ya mwanzi ikitupwa motoni mwajua jambo hili bila hesabu: hewa ya ndani ikipata moto, mwanzi hulia kwa mshindo, na ukiutazama baadaye waona umepasuka kwa urefu wake, wala haukukatika.

Hapo ndipo ilipo taabu ya mti. Nyuzi za mti zimelala kwa urefu. Mpasua kuni huzijua vema: shoka likishuka kuzifuata nyuzi, gogo hufunguka kwa pigo moja au mawili; likipiga kwa kuzikata, mtu hutoka jasho. Kwa hiyo mti una nguvu nyingi mahali ambapo mzinga hauhitaji sana, nao ni dhaifu mahali ambapo mzinga wahitaji mno. Wala kuongeza unene hakusaidii kama mtu adhanivyo, maana tabaka la ndani, lililo karibu na baruti, ndilo lipatalo mvuto mkubwa, na tabaka za nje hupata kidogo. Ufa huanza ndani, kisha hutembea kwenda nje. Mtu achukuaye gogo lenye unene mara mbili hapati nguvu mara mbili.

Dawa yake ni pete. Fundi wa magurudumu ya mikokoteni hupasha moto pete ya chuma mpaka itanuke, huivisha gurudumu ingali ya moto, kisha huimwagia maji. Pete hunywea, ikalibana gurudumu kwa nguvu isiyopatikana kwa misumari. Gogo likivikwa pete za namna hiyo, moja karibu na moja, mvuto wa mzunguko huchukuliwa na chuma, na mti hubaki kama nguo ya ndani. Hata mizinga mikubwa ya karne ya 19, kama ile ya Mwingereza William Armstrong iliyoanza katika miaka ya 1850, ilifuata elimu hiyohiyo: tabaka la chuma juu ya tabaka la chuma, la juu limevishwa likiwa la moto ili lilibane la chini yake.

Tukirudi nyuma sana twakuta ya kuwa mzinga ulianza kwa mmea, si kwa madini. Wachina ndio waliovumbua baruti. Mwaka 1132, mji wa De'an ulipozingirwa, walinzi wake walitumia mirija mirefu ya mianzi iliyojazwa baruti. Mirija hiyo haikutupa risasi, bali ilitema moto usoni mwa adui. Mwaka 1259, huko Shouchun, mafundi walichukua mwanzi mkubwa wakatia baruti pamoja na vipande vya kutupwa. Moto ulipokwisha kutoka, vipande vile vikarushwa kwa mshindo. Waandishi wa Kichina walisema ya kuwa mshindo huo ulisikika kwa hatua 150. Kutoka mwanzi ule umetoka ukoo wote wa bunduki na mizinga. Kabla ya karne ile ya 13 kwisha, Wachina walikuwa wamekwisha kuanza kuzifanya kwa shaba, na mwanzi ukawekwa kando. Katika Indonesia vijana hupiga mizinga ya mianzi mwezi wa Ramadhani kwa ajili ya kelele tu, na hata huko wako waunguao. Twawaambia wanafunzi waziwazi: habari hizi ni za kusomwa, si za kujaribiwa nyuma ya bweni.

Ulaya nako mafundi wa kwanza hawakuweza kumimina chuma kingi kwa mara moja katika kalibu. Basi walimwiga mfanya mapipa. Walipanga vyuma virefu kama mbao za pipa, wakavizungushia pete za chuma zilizobanana. Waingereza mpaka leo huuita mwili wa bunduki kwa jina lilelile wanaloliita pipa. Katika ngome ya Edinburgh, Scotland, uko mzinga mmoja wa namna hiyo, uitwao Mons Meg, uliofanywa mwaka 1449 na kupelekwa kwa mfalme James wa Pili wa Scotland mwaka 1457. Una uzito wa zaidi ya tani 6, nao ulitupa mawe ya mviringo ya zaidi ya kilo 150. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 ulipigwa kwa salamu ya heshima, si kwa vita, na pete zake zikakatika. Pengo lile huonekana mpaka leo. Basi hata chuma chenyewe hufa kwa ugonjwa uleule wa gogo.

Sasa tuje kwenye ngozi. Katika miaka ya 1620 mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi alikuwa akipigana na Wapolandi. Mizinga ya siku zile, ikiisha kuwekwa mahali pake asubuhi ya vita, ilibaki palepale mpaka jioni, kwa kuwa haikuwa rahisi kuivuta juu ya tope na mashamba. Mfalme alitaka mzinga mwepesi, utakaokwenda pamoja na askari wa miguu. Uswidi haikukosa madini. Ilikuwa na shaba nyingi iliyochimbwa Falun, ikauzwa kote Ulaya. Iliyotakiwa ilikuwa wepesi. Miongoni mwa waliomletea mfalme shauri la mzinga wa ngozi walikuwa Melchior Wurmbrandt, mtu wa Austria, na Robert Scott, mtu wa Scotland.

Jina "mzinga wa ngozi" lapoteza kidogo, maana ngozi ilikuwa koti tu. Ndani mlikuwa na mrija mwembamba wa shaba nyekundu. Juu ya mrija ule walizungusha chuma na kamba, wakaibana sana, wakapaka gundi, na mwisho wakashonea ngozi juu yake. Kamba ilifanya kazi ya pete, na kwa kweli iliifanya vizuri. Farasi mmoja aliweza kuvuta mzinga huo, na waangalizi walipendezwa.

Ikawa kosa limejificha mahali pengine. Mzinga wa shaba tupu ukipigwa hupata moto, lakini moto huo hutoka nje, ukapotea hewani. Mzinga wa ngozi ulikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi wakati wa homa. Kamba na ngozi zilizuia joto lisitoke, na mrija mwembamba ukazidi kuwa wa moto kwa kila pigo. Shaba ya moto hulainika. Tena askari aliyekuwa akisindilia baruti alikuwa hatarini, kwani mrija uliweza kuiwasha mikononi mwake. Mzinga uliokuwa mwepesi kuvuta ulikuwa mzito kuupiga, maana baada ya mapigo machache ulihitaji kungojewa, na adui hangoji. Miaka michache tu baadaye Waswidi waliuacha, wakamimina mizinga mifupi ya madini, miepesi kiasi. Watu wa Scotland waliotumikia Uswidi walirudi kwao na elimu ile. James Wemyss, mpwa wa Robert Scott, alikuwa na mizinga ya ngozi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, akatekwa pamoja na mizinga yake huko Cropredy Bridge mwezi wa Juni 1644.

Tutapita upesi katika mambo mawili ya kuchekesha. La kwanza ni barafu. Mwanzoni mwa mwaka 1740, katika baridi kali sana, malkia Anna wa Urusi aliamuru nyumba nzima ya barafu ijengwe mjini St. Petersburg kwa ajili ya arusi aliyoifanya kwa kumdhihaki mmoja wa watu wake wakuu. Mbele ya nyumba hiyo palisimama mizinga 6 ya barafu, iliyochongwa kwa umbo la mizinga ya kweli. Mtaalamu Georg Wolfgang Krafft aliandika habari za nyumba ile, akaeleza ya kuwa mizinga ilipigwa kwa robo ratili ya baruti, na kombora likapenya ubao wa unene wa inchi mbili kwa umbali wa hatua 60. Baruti ilikuwa kidogo na barafu ilikuwa nene, ndiyo sababu watazamaji walirudi nyumbani salama.

La pili ni gogo lisilopiga kamwe. Tarehe 4 Desemba 1780, katika vita vya Wamarekani vya kujitoa chini ya Uingereza, Kanali William Washington, jamaa wa yule George Washington maarufu, alifika na askari wa farasi mbele ya ghala la Rugeley, South Carolina. Ndani walikuwamo watu zaidi ya mia waliokuwa upande wa Waingereza. Yeye hakuwa na mzinga, na farasi hawapandi ukuta. Akaamuru askari wakate gogo la msonobari, walichonge, waliweke juu ya gurudumu na kulielekeza mlangoni. Kisha akatuma neno kwamba wajisalimishe kabla hajavunja nyumba. Wakatoka wote bila risasi moja kulia. Mwaka 1862, katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa Kusini waliacha magogo yaliyopakwa rangi nyeusi katika maboma yao ya Centreville, Virginia, na watu wa Kaskazini walipoyakuta waliona haya kwa muda waliokuwa wameyaogopa.

Mfalme wa Uswidi alichagua ngozi hali ana shaba. Malkia wa Urusi alichagua barafu kwa mchezo. Watu tutakaowataja sasa hawakuchagua.

Bulgaria ni nchi iliyo kusini ya mto Danube, upande wa kusini-mashariki wa Ulaya. Tangu mwisho wa karne ya 14 ilikuwa chini ya Sultani wa Uturuki, yaani karibu miaka 500. Katika majira ya baridi ya 1875 na 1876 Wabulgaria waliokimbilia Giurgiu, ng'ambo ya Danube katika Romania, walifanya shauri la maasi yatakayoanza wakati wa masika ya Ulaya. Wajumbe wao wakavuka mto kwa siri, wakapita katika miji ya milimani: Panagyurishte, Koprivshtitsa, Klisura, Bratsigovo. Mkuu katika wilaya ile alikuwa Georgi Benkovski. Watu walianza kununua baruti kidogo kidogo, kumimina risasi, na kuoka mikate mikavu ya safari. Mwalimu wa shule wa Panagyurishte, binti wa miaka 20 aitwaye Raina, alishona bendera akaitarizi simba.

Bunduki zilipatikana, nyingi zikiwa za zamani. Mizinga haikupatikana hata mmoja. Mzinga wa shaba wahitaji tanuru kubwa, madini mengi, mafundi wa kumimina na wa kukereza, tena wahitaji kufanywa hadharani, kwani moshi wa tanuru na kelele za kazi havifichiki. Gogo lahitaji shoka, keekee na mhunzi.

Walichagua mcheri, mti uzaao matunda madogo mekundu, ambao watu wale huupanda karibu na nyumba zao. Mbao zake ni ngumu na zimeshikamana. Walilikata shina, wakalitoboa katikati, wakalivika pete za chuma. Ndani walitandika shaba. Na shaba hiyo ina habari yake. Katika mabonde ya sehemu zile watu hulima mawaridi, nao huyachemsha katika vyombo vya shaba wapate mafuta ya manukato, ambayo ni mali kubwa ya nchi ile. Mirija ya vyombo hivyo ilivuliwa, ikatiwa ndani ya magogo. Mtu aliyetoa mrija wake alitoa chombo cha kumlisha mwaka mzima. Nyuma walitoboa kitundu cha utambi. Kwa makombora walikusanya vipande vya chuma.

Nasi tuliokwisha kueleza habari za nyuzi na pete twaweza kuupima mzinga ule kwa haki. Wenye kuufanya hawakuwa wajinga. Pete zilikuwa mahali pake, na mrija wa shaba ulizuia moto usiule mti. Walilolikosa ni lile ambalo hata fundi hodari asingelipata kwa vyombo vyao. Mrija wa manukato ni mwembamba, umefanywa kupitisha mvuke, si kuzuia baruti. Mti uliokatwa juzi una maji ndani, nao ukikauka hunywea, pete zikalegea. Tena keekee ya mkono haitoboi tundu lililonyoka sana, kwa hiyo kombora halikai sawasawa, na nguvu nyingi hupotea pembeni.

Maasi yalikuwa yaanze baadaye, lakini siri ilitoka. Tarehe 20 Aprili 1876 kwa kalenda ya zamani iliyotumiwa na Wabulgaria, ambayo ni tarehe 2 Mei kwa kalenda yetu, askari wa serikali walifika Koprivshtitsa kumkamata Todor Kableshkov, kijana wa miaka 25. Watu wakapigana nao, na Kableshkov akaandika barua kwenda Panagyurishte kutangaza ya kuwa vita imeanza. Barua hiyo aliitia alama kwa damu ya mtu aliyeuawa siku ile. Kengele za makanisa zikalia. Haina budi kusemwa pia ya kuwa katika siku zile za kwanza waasi nao waliua Waislamu waliokuwa majirani zao.

Serikali ilipeleka askari wenye bunduki za kisasa na mizinga ya kweli, pamoja na makundi makubwa ya watu wenye silaha wasiokuwa askari wa kawaida. Mizinga ya micheri ilipandishwa katika vilima vya kulinda njia. Mingine ilipasuka. Mingine ilitema vyuma vyake karibu tu, mbele ya macho ya waliokuwa wameitumainia. Haukuwapo hata mmoja uliouzuia mji usiingiwe. Klisura iliteketea. Panagyurishte ikachomwa, na nyumba zake nyingi zikaanguka. Benkovski aliuawa milimani mwezi wa Mei. Kableshkov alikamatwa, naye akajiua kifungoni. Huko Bratsigovo kiongozi Vasil Petleshkov, alipoona mji wake umezingirwa na hauna njia, alijitoa akasema ya kuwa kosa lote ni lake yeye peke yake. Aliteswa mpaka akafa, na mji wake haukupata yaliyoipata mingine.

Yaliyompata Batak yalikuwa mabaya kupita yote. Mji huo mdogo wa milimani uliwekea silaha chini kwa ahadi ya usalama, kisha maelfu ya watu wake, wanaume, wanawake na watoto, wakachinjwa, wengine ndani ya kanisa na shule walimokimbilia.

Sasa twauliza: mzinga wa mti ulifaa nini? Ukiupima kwa adui walioangushwa, ulikuwa kelele tu. Wako wanahistoria wasemao hata zaidi, ya kuwa uliwadanganya watu, ukawafanya waamini wana jeshi hali wana mashoka. Neno hilo lina uzito, na hatulikatai. Lakini sisi twaona ya kuwa kazi kubwa ya mzinga ule ilifanyika kabla haujapigwa. Kijiji kinachokata mcheri wake na kuvua mirija yake ya shaba hakiwezi tena kusema kwamba hakijui neno lolote. Kila nyumba iliyotoa kitu ilikuwa imekwisha kuingia. Viongozi walilijua jambo hili, na ndiyo sababu kazi ile ya magogo ilifanywa katika miji mingi, ingawa hapakuwa na fundi wa mizinga katika mji wo wote. Kama ilikuwa haki kuwaingiza watu namna hiyo katika vita wasiyoweza kushinda peke yao, hilo ni swali ambalo Wabulgaria wenyewe wamelijadili tangu mwaka ule.

Mwezi wa Julai na Agosti 1876 mwandishi wa gazeti, Januarius MacGahan, mtu wa Marekani, alifika katika miji iliyoteketea. Barua zake zilichapwa katika gazeti la Daily News la London. Aliona Batak mifupa na vichwa vya watu bado havijazikwa, naye akaandika alichokiona bila kukipamba. Uingereza ikashtuka. Mwezi wa Septemba William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu zamani, akatoa kijitabu cha kuilaumu serikali ya Uturuki, na pia serikali ya Uingereza iliyokuwa ikiiunga mkono; nakala 200,000 zikauzwa kwa muda mfupi. Mwezi wa Aprili 1877 Urusi ikatangaza vita juu ya Uturuki, na safari hii mizinga iliyovuka Danube ilikuwa ya chuma na shaba. Tarehe 3 Machi 1878 mapatano yalitiwa sahihi San Stefano, na Bulgaria ikapata kuwa na serikali yake tena, ingawa mipaka yake ilipunguzwa mwezi wa Julai mwaka uleule katika mkutano wa Berlin. Tarehe 3 Machi ndiyo sikukuu ya taifa huko mpaka leo.

Mizinga ya micheri yaweza kuonwa katika makumbusho ya Bulgaria, nayo imo katika riwaya ya Ivan Vazov ihusuyo maasi yale, ambayo wanafunzi wa nchi hiyo husoma shuleni. Raina, mwalimu aliyeshona bendera, alikamatwa na kuteswa, lakini aliishi. Alikwenda Moscow kujifunza ukunga, akarudi kwao, akazalisha wanawake kwa miaka mingi. Bendera yake ya kwanza ilipotea katika vita. Mwaka 1901, maasi yalipotimiza miaka 25, watu walimwomba ashone nyingine zilizo kama ile, naye akazishona.